Kufundisha Kiswahili kwa wageni Mwanza: unalipwa kiasi gani, bei inapandishwa na nini, na uanzie wapi (mwongozo kamili)

Kila mwezi lazima kuna mtu atanipigia au kunitumia meseji, "mwalimu, nasikia kufundisha wazungu Kiswahili kunalipa, ni shilingi ngapi kwa saa?" Na mimi namrudishia swali, saa ipi? Maana kuna saa unayokaa na mwanafunzi mezani, afu kuna saa ya kwenda, saa ya kurudi, saa ya kuandaa somo usiku wa jana yake, na kuna ile saa umefika getini kwa mwanafunzi mtaa wa Capri Point jua la saa nane mlinzi anakwambia "mama ametoka, ameenda airport". Zote hizo ni saa za maisha yako na anayekulipa analipia moja tu. Nina miaka tisa kwenye hii kazi hapa Mwanza, na wenzangu wengi walioacha hawakuacha kwa sababu bei ya saa ilikuwa ndogo, waliacha kwa sababu hizo saa zingine hawakuwahi kuzihesabu hata siku moja.

Kwahiyo nitaandika kwa hela kabisa. Bei nitakazotaja ni za kwangu na za walimu ninaowafahamu hapa mjini, Dar na Arusha wana zao.

HATUA YA 1: Jua mwanafunzi ni nani na hela inatoka mfuko gani

Hili ndo linaloamua zaidi ya kitu kingine chochote, hata kuliko digrii yako. Wageni wa Mwanza wako makundi makundi. Kuna wa pale mlimani hospitali ya Bugando, madaktari, wauguzi na wanafunzi wa udaktari wanaokuja wiki chache, na jirani yao watafiti wa NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na miradi inayozunguka pale. Kuna mapadre, masista na wamisionari wa madhehebu mengine. Kuna walimu wa shule ya kimataifa kule Isamilo, kuna vijana wa kujitolea kwenye mashirika, kuna watu wa migodi wa Geita, kuna mainjinia Wachina wa reli ya SGR kipande cha Mwanza mpaka Isaka, kilomita 341. Na kuna wanandoa, mzungu kaoa Msukuma au kaolewa, hawa msiwadharau jamani, ni wanafunzi wanaodumu kuliko wote kwa sababu wana mama mkwe wa kuongea naye.

Sasa angalia mfuko. Kijana wa kujitolea analipa mwenyewe kwa hela ya akiba, huyo ukimwambia elfu 25 kwa saa atakushukuru na hutamuona tena. Mimi kundi hilo nachaji elfu 12 mpaka 15, na nawaunganisha wawili au watatu, kila mmoja analipa elfu 8, mimi naondoka na elfu 24 kwa saa moja na wao wameona nafuu. Mtu mwenye familia anayeishi hapa na mshahara wa nje, elfu 20 mpaka 25. Taasisi inayomlipia mfanyakazi wake, elfu 30 mpaka 50, na hapo usione haya kutaja, maana hiyo hela imeshaandikwa kwenye bajeti ya mradi kabla hujazaliwa kwenye mawazo yao, ukiomba elfu 15 wanachojiuliza ni kama kweli wewe ni mwalimu.

Kwahiyo swali la kwanza mtu akikupigia lisiwe "unaanza lini", uliza kwa upole, "masomo utalipia mwenyewe au ofisi inalipia?" Ni swali la kawaida, hawakasiriki.

HATUA YA 2: Acha kabisa kusema "utanipa utakachoona"

Naomba niongee na wewe kama ndugu hapa. Sisi tumelelewa hivi, mtu akikuomba msaada unaona aibu kutaja hela, unasema "aah wewe tu, utanipa chochote". Kwa mgeni hiyo sentensi haina maana ya heshima unayoifikiria. Anabaki anahangaika, anaenda kumuuliza mgeni mwenzake, mwenzake anamwambia "mimi nilimpa kijana mmoja elfu 5", basi bei yako imeshapangwa na mtu usiyemjua.

Bei itaje wewe, mara moja, bila kujieleza sana. "Saa moja ni elfu 20. Ukichukua saa 20 kwa pamoja na kulipa mwanzoni, ni elfu 18 kwa saa, jumla laki 3 na elfu 60." Afu nyamaza. Ukimya wa sekunde tano hauui mtu, usianze kujipunguzia mwenyewe wakati yeye bado anapiga hesabu kichwani.

HATUA YA 3: Piga hesabu ya saa kamili

Chukua karatasi. Mimi nakaa Buhongwa, mwanafunzi yuko Capri Point. Daladala mpaka mjini, boda mpaka kwake, kurudi hivyo hivyo, tuseme elfu 4. Njia inakula saa nzima kwenda na kurudi (ikiwa barabara haijafunga). Maandalizi saa moja. Somo saa moja kwa elfu 20. Hapo nimetumia saa tatu nimebaki na elfu 16, yaani elfu 5 na mia tatu na kitu kwa saa. Ndo bei yangu ya kweli hiyo, elfu 20 ni jina tu.

Sasa mwanafunzi huyo huyo nikimfundisha saa mbili mfululizo, napata elfu 40, natoa nauli elfu 4, inabaki 36, nimetumia saa mbili za somo, moja ya njia, moja na nusu ya kuandaa. Saa nne na nusu. Inakuja elfu 8 kwa saa. Sijapandisha bei hata shilingi, nimepanga tu vizuri, na pato la kila saa yangu limepanda kwa nusu nzima! Ndo maana sifundishi tena kipindi cha saa moja nyumbani kwa mtu, na wanafunzi wa upande mmoja nawaweka siku moja, Isamilo na Bugando Jumanne, Capri Point Alhamisi.

Wa Sengerema na Geita zamani nilikuwa nawakataa, kivuko cha Kigongo kingeweza kukuweka foleni hadi siku inaisha. Daraja la JPM lilipofunguliwa Juni 2025 ile kilomita 3 ya maji sasa unaipita kwa dakika chache, kwahiyo hesabu imebadilika, ila bado mtu wa Geita namfundisha siku nzima, muda wa saa tano au sita, mara moja kwa wiki, usafiri juu yake, na siku zilizobaki tunaongea kwa simu.

Mwezi mzuri ukoje? Ukiwa na saa 15 kwa wiki ni saa 60 kwa mwezi, lakini weka akilini kwamba moja katika kila sita itaanguka, anaumwa, ana mgeni, anaenda Serengeti. Zinabaki 50, mara elfu 20 ni milioni moja. Kwenye vipindi 25 vya saa mbili mbili toa nauli laki moja, toa bando, fotokopi na daftari elfu 60, unabaki na laki 8 na 40. Kulinganisha, kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipandishwa kutoka 370,000 kwenda 500,000 Julai 2025. Kwahiyo ndiyo, kunalipa. Lakini yule mtumishi Desemba analipwa na akiugua analipwa. Wewe Desemba wageni wako wote wako kwao kwenye baridi, unaweza kupata saa 20 tu mwezi mzima, ukitoa gharama unabaki na laki 3. Miezi ya kuanzia Juni mpaka Septemba ndo wanafunzi wa vyuo vya nje na wa kujitolea wanamiminika, hapo ndo unavuna na kuweka ya Desemba pembeni.

HATUA YA 4: Jifunze kuielezea lugha unayoijua

Kuzaliwa unaongea Kiswahili hakukufanyi mwalimu, na mgeni analigundua hili wiki ya pili. Jipime kwa maswali niliyoulizwa mimi. Kwanini mnasema "rafiki yangu" lakini "rafiki amefika"? "Sijala" na "sikula" zinatofautianaje? Kwanini "amefika" na "ameshafika", si amefika tu? Kama jibu lako ni "ndivyo tunavyosema", hapo bei yako inaishia elfu 10 na haitapanda. Aliyesoma ngeli vizuri, anayeweza kusema "sijala ina maana bado, mlango uko wazi, naweza kula saa hizi, sikula ni habari ya jana imefungwa", huyo mgeni hamwachi.

Kuhusu vyeti, BAKITA, lile Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, wanatoa mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni. Cheti chao kwa mwanafunzi wa kawaida hakibadilishi kitu sana, ila kwa taasisi kinabadilisha kila kitu, maana mhasibu anahitaji karatasi ya kuweka kwenye faili. Ukiwa na digrii ya Kiswahili au ualimu vizuri, ukiwa huna usikate tamaa, kuna walimu wazuri sana hapa walioanzia kuwa makarani wa miradi. Na jifunze zile leveli za Ulaya za kupima lugha, A1 ya anayeanza mpaka C2 ya aliyebobea, kwa sababu Mjerumani akikuuliza "nitafika A2 lini" anataka jibu la tarehe. Mimi nawaonyesha kwamba hata Wamarekani wanaowafundisha wanadiplomasia wao wanakipangia Kiswahili kama wiki 36 za kusoma kutwa, karibu saa 900. Mtu akishaiona hiyo namba haombi tena "nifundishe yote kwa mwezi mmoja", anachukua saa 40 na anajua atapata nini ndani yake.

Njia ya kuajiriwa ipo pia. Kule Musoma kuna shule ya lugha ya Makoko ambako wamisionari wengi wamepitia kabla ya kwenda parokiani, na Peace Corps, wale wa kujitolea wa Marekani, huwa wanachukua walimu wa lugha kwa mkataba wakati wanawaandaa vijana wao. Hela ni ya uhakika, unafundisha kwa mpangilio, na unajifunza mbinu kwa wazoefu. Mtu anayeanza ningemshauri apite sehemu kama hizo hata muhula mmoja.

HATUA YA 5: Fundisha kazi ya mtu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndo bei yangu ilitoka elfu 15 ikaenda 25.

Nilikuwa na daktari wa watoto, mdada kutoka Ujerumani, amesoma Kiswahili kitabuni kwao, salamu anazo, anauliza "mtoto anaumwa nini?" safi kabisa bila kigugumizi. Siku moja akaja kwenye somo amechoka, akaniambia mwalimu, maswali yangu wanayaelewa ila majibu yao mimi siyaelewi. Nikamwambia niandikie unavyosikia, hata kama umekosea. Akatoa kadaftari kadogo, kameandikwa "macho yamingia ndani". Anauliza, ndani wapi? Nikajikuta nimenyamaza. Mama wa watu alikuwa anamwambia kwamba macho ya mtoto yameingia ndani, yaani mtoto ameishiwa maji, na daktari kaishia kuweka alama ya kuuliza pembeni. Chini yake kulikuwa na "utosi", kabandika mshale, hajui ni kiungo gani. Mama alisema utosi umebonyea.

Usiku ule sikufungua kitabu. Nilienda kwa jirani yangu nesi mstaafu nikamwambia mama nisaidie, wazazi wakileta watoto wanasemaje? Tukaandika mpaka saa sita. Anaharisha maji matupu. Hanyonyi. Amelegea. Anastuka stuka usingizini. Homa inapanda na kushuka. Anacheua. Kifua kinabana. Anakohoa mpaka anapaliwa. Kisha vile vya kwa wakubwa, tumbo linasokota, nasikia kichomi, moyo unanienda mbio, mwili wote unaniwaka moto. Na maneno machache ya Kisukuma, maana bibi wa Magu au Misungwi ukimwamkia "mwangaluka" asubuhi anafunguka yote.

Ikawa programu ya wiki sita, saa 24. Sikumwomba anipandishie hela, nilimwandikia programu kwenye karatasi moja, wiki kwa wiki, na bei mpya chini. Akakubali bila neno, na wiki iliyofuata akaniletea wenzake wawili.

Mfanyie hivyo kila mwanafunzi. Mtafiti anataka maneno ya kuomba ridhaa na kuuliza dodoso bila kumtisha mtu. Mwalimu wa shule anataka kuongea na mzazi. Injinia wa reli anataka "sogeza kidogo", "shikilia hapo", "kofia yako iko wapi". Aliyeoa au kuolewa huku, mama mkwe wake wa Kisesa anataka mkwe ajue kupiga stori jikoni. Na watoeni nje jamani, mimi nawapeleka Mwaloni Kirumba asubuhi, mtu anauliza mwenyewe bei ya sado ya dagaa, anaambiwa, anasema "punguza basi mama", anapunguziwa, anarudi na furaha kama kapewa digrii. Hiyo ni saa ya somo na inalipiwa kama saa nyingine yoyote, tena imechosha zaidi.

HATUA YA 6: Karatasi kabla ya somo

Shirika moja, jina sitalitaja, lilinichukua nifundishe wafanyakazi wao wanne. Tukakubaliana kwa mdomo na bosi wao, elfu 30 kwa saa, kulipa mwisho wa mwezi. Mwezi wa kwanza "hela haijaingia", wa pili "mhasibu yuko likizo", wa tatu bosi akahamishwa nchi. Bosi mpya akaniuliza mkataba wako uko wapi? Saa 48 nilizofundisha, milioni moja laki nne na arobaini elfu, nikalipwa nusu baada ya kuzungushwa miezi minne. Ile nusu nyingine sijaipata mpaka leo, na ilikuwa ada ya mwanangu.

Kwahiyo andika. Ukurasa mmoja unatosha: majina, idadi ya saa, bei ya saa, siku ya kulipa, nani anasaini akiondoka huyu. Weka na kipengele cha kuahirisha, mimi naandika "somo likiahirishwa chini ya saa 24 kabla, linahesabika limefundishwa". Wageni wanaelewa hii haraka kuliko sisi, kwao daktari wa meno anafanya hivyo hivyo. Mtu binafsi anunue saa 10 au 20 kwa pamoja na alipe mwanzoni kwa M-Pesa au benki, mnatoa kila saa kwenye daftari na anasaini.

Andikeni muda kwa namna zote mbili. "Saa 4 asubuhi" kwetu kwake ni saa kumi alfajiri au jioni, nimeshapoteza vipindi kwa hilo, sasa naandika saa 4 asubuhi (10:00) kila meseji.

Kwa taasisi uwe na TIN (namba ya mlipa kodi) na uwe tayari kutoa ankara na risiti. Watakukata kodi ya zuio asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, kwahiyo ukitaka kubaki na elfu 40 mkononi usitaje 40, taja 42 na kitu, na dai cheti cha kukatwa hiyo kodi, ni haki yako.

HATUA YA 7: Mtandaoni

Wengi mnaona ndo mkombozi, naomba mpige hesabu kwanza. Kuna tovuti mbili kubwa zinazounganisha walimu na wanafunzi, italki na Preply. Kwenye italki unapanga bei mwenyewe na wao wanachukua asilimia 15. Preply wanachukua somo la kwanza la majaribio lote, kisha asilimia 33, inashuka taratibu mpaka 18 ukishafundisha saa nyingi. Yaani somo la dola 12, italki unabaki na dola 10 na senti 20, Preply unaanza na dola 8. Hakuna nauli, hiyo ni faida kubwa, lakini kuna bando, kuna umeme kukatika katikati ya kipindi, na Mmarekani anataka saa yake ya jioni ambayo kwako ni alfajiri. Mimi natumia mtandao kwa ajili ya Desemba na kwa wanafunzi wangu wa zamani waliorudi kwao, hao tunaongea kwa Zoom na wanalipa bei ile ile ya hapa.

Kazi za pembeni zitenganishe na masomo. Mwanafunzi akishakuzoea, anakuita dada, anakualika chakula, afu anakutumia fomu ya ridhaa ya kurasa tisa, "nisaidie kuangalia Kiswahili hiki". Hiyo ni tafsiri, ina bei yake kwa ukurasa, na hapa Mwanza palipojaa utafiti ni kazi nzuri kabisa, tena taasisi inalipa. Mjibu kwa upendo, "nitakufanyia, bei yangu kwa ukurasa ni hii". Na wadada, somo la kwanza na mtu usiyemjua lifanyike mgahawani au ofisini kwake mchana, nyumbani baadaye ukishamjua.

HATUA YA 8: Kupandisha bei kwa wanafunzi wa zamani

Usimpandishie mtu katikati ya saa alizolipia. Subiri zibaki mbili tatu, kisha tuma meseji. Mimi natuma hivi: "Habari za leo. Umebakiwa na saa 3. Kuanzia mzunguko ujao bei itakuwa elfu 23 kwa saa, na nimekuandalia programu mpya ya kuongea na wagonjwa wanaotoka mbali na mjini. Ukilipia kabla ya tarehe 30 utabaki na bei ya zamani kwa saa 20 zaidi." Wengi wanalipia kabla ya tarehe 30, na hiyo hela ndo naiweka ya Desemba. Anayesema hawezi namuuliza kama yuko tayari kusoma na mwenzake, na mara nyingi mwenzake yupo, amekaa meza ya jirani ofisini akisubiri kuambiwa.